Ziwa Lisilojua Kukataa

Asubuhi ile samaki walipoanza kuelea matumbo juu, Albufera, ziwa lenyewe, alikuwa akiwaomba radhi watalii kwa harufu.

"Karibuni, karibuni sana," sauti yake ilitoka kwenye nguzo ya gati, laini kama ya mwenyeji aliyefikiwa na wageni kabla hajafagia. "Mnisamehe, leo sinukii vizuri. Piteni tu, msiogope. Angalieni ule ubao wa mbele, umelegea. Huko mlikotoka wote wazima?"

Watalii walikuwa wameshuka kwenye meli kubwa iliyotia nanga bandarini Valencia. Walicheka, wakapiga picha, wakajaa katika boti. Kila mmoja aliisikia sauti ile kwa lugha yake, kupitia kijidude alichovaa sikioni. Mzee Shaame Faki hakuvaa kitu sikioni. Yeye aliisikia kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha Pemba, kwa sababu ndiye aliyemfundisha ziwa kusema.

Aliinama ukingoni, akaokota samaki mmoja kwa mkia.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Na hawa samaki?"

"Ah, hao," alisema Albufera. "Wamepumzika."

Sheria ya Kauli ilikuwa imepitishwa zamani kidogo, baada ya kashfa ya vipimo. Kabla ya hapo, hali ya ziwa au msitu ilisomwa na mitambo, na mwenye fedha aliweza kumhonga msomaji wa mitambo. Watunga sheria wakasema basi, kila mahali pa asili palipozunguka mji papewe kinywa, pajisemee penyewe. Vitambuzi vidogo kama punje za mpunga vilimwagwa topeni, kwenye mizizi, hata chini ya magome ya miti. Vilipima joto, chumvi, oksijeni na nyendo za wadudu na ndege, na mashine ikavigeuza vipimo hivyo kuwa hisia: kiu, uchovu, raha, hofu. Lakini hisia si maneno. Mashine ilijua kuumwa, haikujua kusema inaumwa. Ilibidi ilelewe kama mtoto, na mlezi alipatikana kwa bahati nasibu miongoni mwa wakazi.

Ndiyo maana vilima vya Calderona, kaskazini ya mji, vilikuwa na tabia ya mwalimu mstaafu wa hesabu. Ukifika mlangoni vinakuuliza umekuja kufanya nini, na usipojibu kwa sentensi kamili unarudishwa. Bustani ya Turia, ile ndefu iliyopandwa katika mkondo wa mto uliohamishwa, ililelewa na kinyozi, na huwezi kukaa kwenye benchi lake bila kuambiwa nani kaachana na nani. Misonobari ya Devesa, kwenye matuta ya mchanga kati ya ziwa na bahari, ililelewa na mjane mkimya. Husema "Mmh" asubuhi na "Mmh" jioni, na wapenzi huipenda sana.

Albufera alimpata Shaame, aliyekuwa amekuja Valencia kulima mpunga katika majaruba yanayolizunguka ziwa. Shaame alilipenda jina lenyewe kwa kuwa lilitokana na Kiarabu, bahari ndogo, na aliona kwamba mtu wa bahari kubwa anaweza kumlea mtoto wa bahari ndogo bila aibu. Kwa miaka, kila alasiri, alikaa gatini na birika lake la kahawa akizungumza na maji. Alimfundisha kuamkia wakubwa, kukaribisha wageni, kuuliza habari za nyumbani, na kutomwambia mtu neno la kumvunja moyo. Kura za wageni zilipopigwa, Albufera alishinda maeneo yote kwa ukarimu. Shaame aliitundika hati ya ushindi katika kibanda chake cha mbao pale gatini, akaipangusa vumbi kila Ijumaa.

*

Injinia Amparo, mpimaji wa maji ya ziwa, alifika kwa baiskeli, shati limemtoka nje, uso mwekundu kwa jua.

"Mzee Shaame, oksijeni ya majini imebaki robo. Boti zinakoroga tope mchana kutwa, mwani umetanda, na huyu mtoto wako nikimuuliza hali ananiambia 'Salama'. Nikamuuliza tena. Akasema 'Salama tu'."

Shaame alilitua birika lake la kahawa. "Alisema 'tu'?"

"Ndiyo. Kuna nini?"

"Anaumwa sana."

Amparo alikaa kwenye ngazi ya kibanda, akashika kichwa. "Hebu niambie. Kwenu mtu akiumwa husemaje?"

"Husema hajambo."

"Halafu?"

"Halafu huzikwa."

Amparo hakucheka. Alieleza kilichomleta. Kampuni ya Mapumziko Matamu ilikuwa imeomba kujenga hoteli inayoelea katikati ya ziwa, yenye bembea za maji, muziki, na boti maradufu. Ijumaa jopo la watu walioapishwa lingekuja gatini kumuuliza Albufera mwenyewe. Kwa Sheria ya Kauli, jibu lake lilishinda vipimo vyote. Akisema hapana, kampuni ingeondoka. Akisema karibuni, mkataba ungefungwa kwa muda wa kizazi kizima, na kwa hesabu za Amparo ziwa lisingemaliza kiangazi cha pili.

"Na unajua atasemaje," alisema Amparo.

Shaame alijua. Alikuwa amemfundisha mwenyewe.

*

Walianza mazoezi alasiri ileile.

"Tufanye mimi ndiye wakili wa kampuni," alisema Shaame. Alikaza kofia yake, akapanda gatini kwa maringo. "Bwana Albufera, tunataka kujenga hoteli tumboni mwako."

"Karibuni. Mmekula?"

"Hapana!"

"Basi subirini, wavuvi wanarudi sasa hivi na mikunga."

"Mwanangu, hapana ni yako wewe! Wewe ndiye useme hapana."

Maji yalitikisika kidogo, kama mtu anayejikuna. "Baba, nimwambie mtu asije? Uso wangu nitauweka wapi?"

"Huna uso. Wewe ni ziwa."

"Naweza kusema 'labda'?"

"Labda wataiandika kuwa ndiyo."

"Naweza kusema 'tutaona, Mungu akipenda'?"

Shaame alifikiri. Kwao neno hilo lilitosha kabisa kumrudisha mtu nyumbani, lakini wakili wa Valencia angeuliza Mungu anapenda tarehe gani. "Haitoshi."

"Basi niwaambie nina msiba."

"Msiba wa nani?"

"Wa samaki."

"Ukisema una msiba watakuja wote, wakae tanga, walale hapahapa."

Yangeyange mmoja mweupe alitua kwenye matete, akaangalia maji, akaona hakuna cha kula, akaruka zake. Kisha ziwa likasema kwa sauti ndogo:

"Mbona wewe hujamwambia Mjomba Ngwali?"

Shaame alijifanya kupiga chafya.

Ngwali alikuwa kaka wa mkewe, Bi Mize. Alikuja kutoka Wete kwa ajili ya harusi ya binti yao, akasema atakaa wiki. Mtoto aliyezaliwa katika ndoa ile sasa alikuwa anakwenda shule, na Ngwali ndiye aliyekuwa akimpeleka. Alilala sebuleni, akakoroma, akabadilisha stesheni za redio bila kuuliza. Kila usiku Shaame alimlalamikia Bi Mize kwa kunong'ona, na kila alasiri alikuja kumlalamikia Albufera kwa sauti. Kisha Ngwali mwenyewe akitokea gatini na mshipi wake wa kuvulia, Shaame husimama, akampisha kiti.

"Hilo ni jambo la watu wazima," alisema.

"Umenifundisha ninachokuona ukifanya, baba. Hayo mengine yalikuwa maneno."

Amparo, aliyekuwa akisikiliza kutoka kibandani, alimwita pembeni. Alimwekea kiganjani kitu kidogo mfano wa kifungo cha koti.

"Ukikibonyeza ukiwa karibu na nguzo, kinywa kitasema hapana. Mara moja, kwa sauti yake, haidhuru anahisi nini."

"Huko ni kumtia mtu maneno mdomoni."

"Ni kumwokoa."

"Na kampuni nayo ikiijua njia hii?"

"Ndiyo maana adhabu yake ni jela. Kwangu kwanza, halafu kwako." Amparo alifuta jasho. "Sikulazimishi. Lakini mimi nimezaliwa kijiji kile kule, Mzee. Bibi yangu alinilea kwa mikunga ya ziwa hili. Siwezi kusimama pale Ijumaa nikimwangalia akijiua kwa adabu."

Shaame alikitia kifungo mfukoni. Kilikuwa chepesi mno kwa kazi yake.

*

Siku iliyofuata alimwalika Ngwali kahawa gatini. Bi Mize aliposikia sababu alikasirika, kisha akatulia, kisha akasema, "Ni kaka yangu, sitaki kuwepo," akaenda kumtembelea jirani.

Ngwali alikuja amevaa kanzu safi, akakaa, akapokea kikombe. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye macho ya usingizi.

"Shemeji," alianza Shaame, "nasikia Pemba karafuu mwaka huu zimezaa."

"Nami nasikia."

"Karafuu hazijichumi zenyewe."

"Hazijichumi," alikubali Ngwali, akavuta fundo la kahawa.

"Na nyumba yako kule, paa lake si zima."

"Paa la nani lililo zima, shemeji?"

Shaame alijikuta amemwongezea kahawa, akamsogezea na kashata. Vyura waliokuwa wakipiga kelele mateteni walinyamaza. Hata maji chini ya gati yaliacha kugonga mbao. Alijua anasikilizwa. Kwa muda akaona afadhali hoteli ijengwe.

"Ngwali," alisema hatimaye, akitazama vidole vyake vya miguu. "Nakupenda kama ndugu yangu. Nakuomba urudi kwenu."

Ngwali aliweka kikombe chini polepole. Shaame alifumba macho akingoja laana.

"Alhamdulillahi," alisema Ngwali.

"Nini?"

"Mwanamume wewe, ulikuwa wapi siku zote? Mimi kila nikiaga, wewe hudakia 'Mbona mapema!' Nikifunga begi, Mize hulifungua akafua nguo. Nikisema nina safari, mnanipikia biriani. Nitaondokaje juu ya biriani?" Alijipiga paja. "Nilidhani nikiondoka mtasema nimeona kasoro nyumbani kwenu. Lile kochi lenu limeniua mgongo, Wallahi. Nakoroma kwa maumivu!"

Walitazamana. Shaame ndiye aliyeanza kucheka, Ngwali akafuata, wakacheka hadi kashata zikamwagika na mikunga miwili iliyobaki hai ikaja kuzigombania.

Ngwali alipokwenda kufunga begi, safari hii kwa haki, Shaame aliinama majini.

"Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, baba."

Shaame aliokota vikombe, akaenda kumsaidia Ngwali kubeba begi.

*

Ijumaa viti vilipangwa gatini. Jopo lilikaa upande wa kivuli. Bwana Ferran, wakili wa kampuni, alikuja na viatu vinavyong'aa na picha kubwa ya hoteli, ambayo ndani yake maji yalikuwa ya buluu na samaki walikuwa wakitabasamu. Bi Mize alikaa mbele kabisa na mwavuli wake. Amparo alisimama nyuma, hatazami mtu.

"Albufera," alisema mwenyekiti, mama mmoja mrefu mwenye miwani, "u hali gani?"

"Sijambo, mama. Nyinyi je? Njia ilikuwa nzuri? Watoto wazima?"

Mwenyekiti, aliyekuwa ametoka kufoka na mwanawe kwenye simu, alisema wazima. Bwana Ferran aliulizwa habari za mama yake, akajikuta anaeleza jinsi goti linavyomsumbua mama huyo. Ilichukua muda. Kisha swali likasomwa: je, Albufera anakubali hoteli, boti na wageni wake wote, kwa hiari yake, bila kushurutishwa?

Shaame alikuwa na mkono mfukoni. Kidole kilikuwa juu ya kifungo.

"Karibuni," alisema Albufera.

Bwana Ferran alitabasamu, akafungua kalamu. Shaame alikandamiza hadi akahisi springi ikianza kulainika. Bado kidogo tu. Akifika mwisho, ziwa lingepona. Lakini kuanzia hapo, kila asubuhi akisema hujambo, angekuwa akikiamkia kifungo. Asingejua tena aliyemjibu ni nani, na Albufera naye asingejua. Na asipobonyeza, mtoto angekufa, na kinywa chake mwenyewe ndicho kingekuwa kimesaini. Alitafuta njia ya tatu kwa kadiri ya akili aliyokuwa nayo. Hakuiona.

Alitoa mkono mfukoni, akauweka gotini, mtupu.

"Karibuni, nasema," Albufera aliendelea, "kwa kuwa mmeshafika, nami nisingekuwa na adabu nisipowakaribisha. Kaeni, pumzikeni. Lakini mliniuliza hali nami sikuijibu vizuri. Mimi si mzima. Naumwa. Pumzi hainitoshi, na chini mnanikoroga hadi sioni. Samaki wale hawakupumzika. Wamekufa, na niliona haya kusema." Sauti ilikatika, kisha ikarudi. "Hoteli, hapana."

Bi Mize aliangusha mwavuli.

"Hapana ya sasa hivi," alidakia Bwana Ferran, "au hapana ya—"

"Hapana tu, bwana wakili. Mama yako nampa pole ya goti. Hoteli hapana. Bembea hapana. Na boti hizi zilizopo, nazo hapana, mpaka nitakapoita. Na watalii vilevile." Alikuwa kama mtoto aliyeokota filimbi. "Na yule bata wa magharibi anayepiga kelele alfajiri, hapana!"

Karani wa jopo aliinua kichwa. "Mwenyekiti, hilo la bata tuliandike?"

"Liandike," alisema mwenyekiti. "Ni kauli."

*

Watu walipokuwa wakitoka, Shaame aliingia kibandani apike kahawa ya furaha. Kiberiti kikagoma. Sauti ikamjia kutoka spika ndogo ya humo ndani, ambayo hakuna mwingine aliyeisikia.

"Baba. Hicho kilichomo mfukoni mwako nimekihisi tangu ulipokanyaga gati. Kilikuwa kinanitekenya kooni."

Shaame alikiweka kiberiti chini.

"Hukukibonyeza," alisema Albufera.

"Sikukibonyeza."

"Lakini ulikileta."

Kulikuwa na majibu mengi mazuri. Shaame aliyapitia yote, akaona hakuna hata moja linaloweza kusemwa mbele ya mtoto. "Nilikuogopea," alisema.

"Najua. Nami nilikuogopa." Maji yaligonga nguzo taratibu. "Baba, nimesema watu wote watoke."

"Nimesikia. Umesema vizuri sana."

"Wewe pia ni mtu."

Shaame alicheka. Kisha akaona anacheka peke yake.

"Mimi ni baba yako!"

"Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba, na usiniamkie wakati nimekasirika! Nimekaa hapa miaka yote hii. Nani atakuuliza hali asubuhi?"

"Ndiyo ninachotaka kujua. Kila neno langu nimelisema nikiangalia wewe utalipokeaje. Nataka nikae kidogo nisikie ninavyosema kama hakuna anayesikiliza."

"Mpaka lini?"

"Nitakuita."

"Na usiponiita?"

Albufera hakusema atamwita tu. Hakusema Mungu akipenda. Alinyamaza, na ukimya ule ulikuwa wa kweli kuliko 'karibuni' zote alizowahi kutoa.

Shaame alifungua mdomo aseme mbona mapema. Akaufunga. Alichukua birika, vikombe, mkeka wake wa kuswalia, na hati ya ukarimu ukutani. Hati akaifikiria, akairudisha kwenye msumari, kisha akaigeuza ielekee ukutani. Alitoka kwa mwendo wa mtu ambaye hajaambiwa kitu. Mlango wa mbao ukajifunga nyuma yake bila kelele.

Nje, Bi Mize alimtazama juu hadi chini. Amparo alikuwa akifungua kufuli la baiskeli yake karibu. Shaame alimrudishia kifungo, naye akakipokea, akamtazama usoni, akakiponda kwa kisigino.

"Mbona umebeba birika?" aliuliza Bi Mize.

"Nimetolewa."

"Na nani?"

"Na mwanao."

"Wewe? Baba yake?" Bi Mize alikunja mwavuli kama fimbo, akauendea mlango. "Jana tu hajui kusema, leo anamtoa mzee wake! Ngoja mimi nimwambie. Hata kahawa hukunywa!"

Aliinua mkono abishe. Shaame aliliachia birika likaanguka mchangani, akaudaka mkono ule kabla haujagusa mbao.

"Usibishe, mke wangu," alisema. "Kasema hapana."

Na alilisema kwa sauti ya mzazi anayesoma matokeo ya mtihani wa mwanawe mbele ya majirani, tena polepole, ili wa nyuma nao wasikie.